Kura 1,876 za Westminster: mdahalo wa runinga ulipima nini hasa?

Tarehe 19 Oktoba 2009, watu zaidi ya 2,000 waliujaza ukumbi wa Methodist Central Hall, Westminster, London, kusikiliza mdahalo wenye mada fupi: Kanisa Katoliki ni nguvu ya wema duniani. Waandalizi walikuwa Intelligence Squared, taasisi ya midahalo iliyoanzishwa jijini humo mwaka 2002, na BBC World News ilirekodi na kuurusha hewani mwezi uliofuata. Walioitetea mada ni John Onaiyekan, wakati huo Askofu Mkuu wa Abuja nchini Nigeria, na Ann Widdecombe, mbunge wa chama cha Conservative aliyetoka Kanisa la Anglikana na kuingia Ukatoliki mwaka 1993. Walioipinga ni mwandishi Christopher Hitchens na mwigizaji Stephen Fry. Aliyeongoza ni Zeinab Badawi, mtangazaji mzaliwa wa Sudan.

Ukumbi ulipiga kura mara mbili. Kabla ya hotuba, 678 waliunga mkono mada, 1,102 waliipinga, na 346 walisema hawajaamua. Baada ya hotuba na maswali, waliounga mkono walibaki 268, wapinzani wakafika 1,876, na wasioamua wakawa 34 tu. Kwa asilimia, watetezi walishuka kutoka 32 hadi 12, na wapinzani wakapanda kutoka 52 hadi 86. Hata waandishi waliokuwa upande wa Kanisa walikiri kwamba wawakilishi wao walizidiwa vibaya.

Tangu hapo namba hizo zimesafiri mbali kuliko mdahalo wenyewe. Watu ambao hawajawahi kuutazama wanazitaja katika mabishano ya dini kama vile mahakama imetoa hukumu: jambo lilipelekwa mbele ya watu, likajadiliwa kwa haki, watu wakaamua, basi. Upande wa pili nao hujibu kwa kusema kura haina maana yoyote, ukumbi ulikuwa wa maadui. Kauli zote mbili zinatupa kando kitu cha thamani. Kura ile ilipima jambo la kweli, ila lilikuwa jambo dogo kuliko linalodaiwa, na namna ilivyotangazwa inamnyima mtazamaji nafasi ya kujua ni dogo kiasi gani. Vipindi vya aina hii vinaongezeka, na kwa watu wengi ndiyo nafasi pekee ya kusikia pande mbili za jambo zikiketi meza moja. Navipenda, na ndiyo maana nataka tujue kuvisoma.

Jukwaani

Onaiyekan alifungua. Ni msomi wa Biblia na mchungaji, na alizungumza kama mchungaji. Alieleza kwamba asingelitumikia Kanisa maisha yake yote kama asingeamini kuwa linafanya mema, akataja waumini wake zaidi ya bilioni moja, akazungumzia huduma kwa maskini. Huo ni ushuhuda. Ushuhuda una uzito mkubwa mbele ya watu wanaomwamini shahidi. Mbele ya ukumbi ambao zaidi ya nusu yake ilikuwa imeshaandika kwenye karatasi kwamba haikubali, ushuhuda wa mtumishi wa taasisi inayoshitakiwa unaonekana kama utetezi wa mshitakiwa mwenyewe.

Hitchens alikuja na orodha. Alianzia kwenye mambo ambayo Papa Yohane Paulo II mwenyewe aliyaombea msamaha kwa niaba ya Kanisa, akajenga kutoka hapo hadi unyanyasaji wa watoto. Mbinu hiyo ilikuwa kali kwa sababu ilimfunga mpinzani: huwezi kukana kosa ambalo mkuu wa taasisi yako ameshalikiri. Tena wakati ulikuwa upande wake. Mwezi Mei mwaka huohuo tume ya uchunguzi nchini Ireland ilikuwa imetoa ripoti nzito kuhusu mateso ya watoto katika shule na vituo vilivyoendeshwa na mashirika ya kitawa. Jambo lilikuwa bado bichi vichwani mwa watu wa London.

Widdecombe alipigana vizuri kuliko anavyokumbukwa. Aliwarudisha wasikilizaji kwenye historia, akazungumzia Wayahudi waliofichwa na Kanisa wakati wa Vita Kuu ya Pili, akahoji haki ya kuupima mwenendo wa karne zilizopita kwa kipimo cha leo. Tatizo lake ni kwamba alijibu mashitaka moja baada ya jingine, yaani alicheza kwenye uwanja uliochorwa na Hitchens. Ukijibu mashitaka kumi kwa ufasaha, msikilizaji anaondoka akikumbuka kwamba kulikuwa na mashitaka kumi.

Fry alizungumza mwisho, na naamini hapo ndipo kura nyingi zilipoondoka. Alisema waziwazi kwamba jambo hili linamgusa, kwa kuwa yeye ni mtu wa mapenzi ya jinsia moja na mafundisho ya Kanisa yanamhukumu kwa hali hiyo. Kisha akaenda Afrika, akataja filamu alizowahi kutengeneza huko kuhusu UKIMWI, akaitaja Uganda kama nchi anayoipenda, na akalishitaki Kanisa kwa msimamo wake juu ya kondomu. Miezi saba tu kabla yake, mwezi Machi 2009, Papa Benedikto XVI akiwa ndani ya ndege kuelekea Kamerun alikuwa ameliambia kundi la waandishi kwamba kondomu haziwezi kumaliza tatizo la UKIMWI na zinaweza kulizidisha. Kauli ile ilizua zogo dunia nzima. Kwa hiyo Fry hakuhitaji kueleza mengi. Wasikilizaji walikuja nayo kutoka nyumbani.

Hapo kuna jambo linaloniuma kila ninapolitazama tukio hili. Mezani alikuwepo askofu Mwafrika, kiongozi wa jimbo kubwa katika nchi yenye watu wengi kuliko zote barani. Lakini Afrika iliyobaki vichwani mwa wasikilizaji ni ile aliyoisimulia mwigizaji Mwingereza, kwa sababu yeye aliisimulia kama mahali penye watu anaowajua.

Kwa kipimo cha mdahalo, Hitchens na Fry walistahili kushinda. Nalisema hili mapema ili lisije likadhaniwa kwamba najaribu kuwapokonya ushindi. Walijiandaa, waligawana kazi, mmoja akashika historia na sheria, mwingine akashika moyo, na hawakupoteza dakika. Swali langu ni ushindi huo unaitwa nini.

Hesabu ambayo haikusomwa hewani

Chukua kalamu. Jumla ya kura za kwanza ni 2,126. Jumla ya kura za pili ni 2,178. Yaani kura za pili zilizidi za kwanza kwa 52.

Sasa angalia mabadiliko. Watetezi walipungua 410. Wasioamua walipungua 312. Ukijumlisha unapata 722. Lakini wapinzani waliongezeka 774, na tofauti ni zilezile 52. Kwenye ukumbi wa watu elfu mbili hakuna ajabu: wapo wanaochelewa kuingia, wapo wanaosahau kupiga kura ya kwanza, wapo wanaotoka kabla ya mwisho. Na 52 hazibadili mshindi. Hata ukiziondoa zote kwa wapinzani, bado wanabaki na karibu asilimia 86. Nazitaja kwa sababu zinaonyesha kwamba kura ya kwanza na ya pili hazikupigwa na kundi lilelile hasa, na kipindi kizima kimejengwa juu ya dhana kwamba ni lilelile.

Kubwa zaidi ni hili. Mtazamaji akiona 678 ikigeuka 268 anasema mara moja kwamba watu 410 wamebadili mawazo. Hesabu haisemi hivyo. Chukua ukumbi wa kwanza: watetezi 410 wanahamia kwa wapinzani, na wasioamua 312 wanawafuata wote. Wale 52 wapya nao wanapinga. Unapata matokeo yaliyotangazwa. Chukua ukumbi wa pili: Onaiyekan na Widdecombe wanawavuta wasioamua 150 upande wao, wakati huohuo watetezi 560 wanawakimbia, na wasioamua 162 wanaenda kwa wapinzani. Ongeza wale 52. Unapata matokeo yaleyale, mpaka kura ya mwisho.

Hizi ni jioni mbili tofauti kabisa. Katika ukumbi wa kwanza, watetezi hawakumshawishi hata mtu mmoja ambaye hakuwa wao. Katika ukumbi wa pili waliwashawishi watu 150 waliokuja bila msimamo, ila wakapoteza wengi wa watu wao wenyewe, labda Wakatoliki waliokuja kuona aibu yao ikitetewa na wakaona haikutetewa. Mtu anayetaka kujifunza ni hoja gani inamgusa nani anahitaji kujua ni ukumbi upi kati ya hii miwili. Jumla zilizotangazwa haziwezi kumwambia. Angeweza kuambiwa endapo kila mtu angepewa karatasi mbili zenye namba moja, isiyo na jina, na mwishoni karatasi zikapangwa kwa jozi. Hiyo ni kazi ya saa moja kwa watu wachache wenye meza ndefu, na leo kwa simu ni kazi ya dakika.

Walikwenda wapi wale 346?

Katika vipindi hivi kupungua kwa wasioamua huhesabiwa kuwa mafanikio. Mwongozaji hutangaza kwa furaha kwamba walikuwa 346 na sasa ni 34, na watu hupiga makofi. Mimi naona hapa ndipo muundo wa kipindi unapoibana akili ya mtu.

Mada yenyewe inahusu taasisi yenye karibu miaka 2,000, iliyojenga hospitali na vyuo, iliyochoma watu moto, iliyoficha waliokuwa wakiwindwa, iliyohamisha mapadre waliodhulumu watoto badala ya kuwafikisha kwenye vyombo vya sheria. Mtu mwenye busara aliyesikiliza pande zote kwa makini angeweza kabisa kutoka ukumbini akiwa na mashaka mengi kuliko aliyoingia nayo. Angeweza kusema: kwa huduma ya wagonjwa ndiyo, kwa ulinzi wa watoto hapana, kwa kondomu mnaniacha bado natafakari. Mtu huyo hana sanduku lake. Analazimika kuchagua kati ya ndiyo, hapana, na sijui, wakati yeye anajua mengi.

Kwa hiyo anafanya kile ambacho mtu yeyote angefanya: anampa kura aliyezungumza vizuri. Ni adabu ya kawaida ya msikilizaji, na kwenye mashindano ya shule tunaifundisha, kwamba kura iende kwa timu iliyojenga hoja imara hata kama unaamini kinyume chake. Lakini kwenye runinga, kura ya adabu na kura ya imani zinaingia kwenye sanduku moja, zinahesabiwa pamoja, na zinatoka zimevaa jina la imani. Sidhani kama kuna njia ya kuwatenganisha watu hao bila kuwauliza maswali mawili: nani ametetea upande wake vizuri zaidi, na wewe mwenyewe sasa unaamini nini? Naamini kabisa kwamba London ile ingetoa majibu mawili yenye pengo kubwa kati yake.

Mada iliyopendelea

Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na anayeandika mada ya mdahalo ndiye anayewamba. Sina maana kwamba waandalizi walikuwa na hila. Mada nzuri ya runinga lazima iwe fupi na ichokoze. Lakini soma tena: Kanisa Katoliki ni nguvu ya wema duniani. Anayeunga mkono anabeba mzigo wa kuthibitisha kwamba ukijumlisha kila kitu, karne zote, nchi zote, mizani inalalia wema. Anayepinga anahitaji madoa makubwa matatu au manne ambayo hayafutiki. Katika dakika chache za hotuba, kazi ya pili ni nyepesi mno.

Geuza mada. Iandike: Dunia ingekuwa mahali pabaya zaidi bila Kanisa Katoliki. Ghafla mzigo unahama. Sasa Hitchens ndiye anayepaswa kueleza nani angeziendesha hospitali na shule zile, na Onaiyekan anapata nafasi ya kuuliza maswali badala ya kuyajibu. Watu walewale, imani zilezile, na nina hakika kura zisingekuwa zilezile. Haya ni mambo ambayo kila mwalimu wa midahalo anayajua, lakini mtazamaji wa nyumbani haambiwi kwamba maneno ya mada yameshafanya nusu ya kazi kabla ya mtu yeyote kusimama.

Mfano wa wazi kuliko huu ulitokea New York tarehe 14 Machi 2007, katika mdahalo wa tawi la Marekani la Intelligence Squared uliorushwa na redio ya umma ya NPR. Mada ilikuwa kwamba ongezeko la joto duniani si janga. Kabla, asilimia 30 waliunga mkono na 57 walipinga. Baada, 46 waliunga mkono na 42 walipinga, na wasioamua walibaki karibu palepale, kutoka 13 hadi 12. Upande wa mada alikuwepo mwandishi wa riwaya Michael Crichton, mtu mrefu, mchangamfu, mwenye kipaji cha kusimulia. Upande wa pili walikuwepo wanasayansi wa tabianchi, akiwemo Gavin Schmidt wa NASA, ambao walijaribu kueleza namna ushahidi unavyopatikana. Wiki chache tu kabla yake, jopo la kimataifa la sayansi ya tabianchi lilikuwa limetangaza kwamba kuongezeka kwa joto hakuna ubishi tena na kwamba chanzo kikuu, kwa uwezekano mkubwa sana, ni binadamu. Hakuna kipimajoto kilichobadilika jioni ile. Kilichobadilika ni ukumbi. Tena mada haikukana kwamba joto linapanda; ilikana neno janga, na neno hilo ni la hisia na vipaumbele, si la vipimo. Watu wengi wanaoutaja mdahalo ule wanasahau jambo hilo.

Ukumbi si taifa

Kura ya kwanza ya Westminster inatuambia waliokuwepo ni nani. Wapinzani walikuwa 1,102 dhidi ya 678 kabla ya neno lolote kusemwa. Watu walikuja kwa hiari yao, wengi kuwaona Hitchens na Fry, waliokuwa na wafuasi wengi London. Hilo si kosa. Ndivyo ukumbi unavyojaa. Kosa huanza pale kundi lililojichagua linapopewa sauti ya umma.

Waingereza wana kumbukumbu chungu ya jambo hili. Tarehe 9 Februari 1933 wanafunzi wa chama cha mdahalo cha Oxford Union walipitisha, kwa kura 275 dhidi ya 153, kwamba wasingepigania Mfalme na nchi yao kwa hali yoyote. Magazeti yaliisoma kura ya watu 428 kama msimamo wa kizazi kizima. Vita ilipokuja mwaka 1939, kizazi hicho kilienda vitani.

Runinga inaongeza tatizo jingine ambalo Oxford ya 1933 haikuwa nalo: mtazamaji wa nyumbani anasikia makofi. Anasikia vicheko vikimfuata Hitchens na ukimya ukimfuata askofu. Mwaka 2010, wakati wa mdahalo wa tatu wa viongozi wa vyama vya Uingereza, watafiti Colin Davis, Jeffrey Bowers na Amina Memon waliwaonyesha watu 150 mdahalo ukiwa na mstari chini ya skrini, ule unaopanda na kushuka kuonyesha wasikilizaji wanavyopokea maneno. Mstari wenyewe walikuwa wameupika. Kundi moja liliona mstari unaompendelea Gordon Brown, kundi jingine uliompendelea Nick Clegg. Walipoulizwa nani ameshinda, majibu ya kila kundi yaliinamia kule mstari ulikoinamia. Hotuba zilikuwa zilezile neno kwa neno. Makofi ya ukumbini ni mstari huohuo, ila unaingia kwa sikio. Kwa hiyo mtu aliyetazama mdahalo wa Kanisa sebuleni kwake, akaona askofu amepwaya, alikuwa akisikiliza ukumbi pamoja na askofu, na hakuna aliyemwambia namna ya kuvitenganisha.

Nani alishinda, kwa kanuni ipi?

Westminster haikuwa na utata kuhusu mshindi: kwa kanuni yoyote ile, wapinzani walishinda. Ndiyo maana kisa hiki hakionyeshi udhaifu wa kanuni zenyewe. Toronto inaonyesha. Tarehe 26 Novemba 2010, katika Munk Debates, midahalo ya hadhara ya Kanada, Hitchens alikutana na Tony Blair, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza na aliyeingia Ukatoliki mwaka 2007, kujadili kama dini ni nguvu ya wema duniani. Kabla: Blair 22, Hitchens 57, wasioamua 21. Baada: Blair 32, Hitchens 68.

Ukihesabu wingi, Hitchens ameshinda kwa mbali. Ukihesabu nani ameongeza zaidi, Hitchens ameongeza pointi 11 na Blair 10, tofauti ambayo watu wachache wakichelewa kurudi kwenye viti wangeweza kuigeuza. Ukitazama kwa jicho jingine, Blair aliingia kwenye ukumbi uliompinga kwa zaidi ya mara mbili, na wasioamua wakagawanyika karibu nusu kwa nusu. Mimi naiona hiyo kama kazi nzuri ya mtetezi aliyekuwa na mlima mbele yake. Lakini kilichosambaa ni 68 dhidi ya 32.

Kanuni ya kumtuza aliyehamisha kura nyingi zaidi ni ya haki kuliko kuhesabu wingi, kwa kuwa inazingatia ukumbi ulianzia wapi. Ina mashimo mawili. Upande unaoanza na asilimia 80 hauna pa kupanda, hata ukizungumza kama malaika. Na shabiki mwenye msimamo mkali anaweza kuandika "sijaamua" kwenye kura ya kwanza, kisha akarudi nyumbani kwake kwenye kura ya pili, akahesabiwa kama mtu aliyeshawishiwa. Karatasi za jozi haziwezi kumzuia, ila zingeonyesha kama wasioamua wanamiminika upande mmoja kwa namna isiyo ya kawaida.

Ningeomba nini kwa waandaaji

Kwanza, karatasi za jozi, na jedwali kamili lionyeshwe kwenye skrini: waliokuwa upande huu, wangapi wamebaki, wangapi wamehama, wameenda wapi. Hili halina gharama ya maana na lingefanya mwisho wa kipindi kuwa wa kusisimua zaidi, maana watu wanapenda kujua nani amemgeuza nani.

Pili, yale maswali mawili niliyoyataja, la ufundi na la imani, yatenganishwe.

Tatu, na hili ndilo gumu, kuwe na ukumbi mwingine kando ya ule wa mashabiki. Inawezekana, maana ilishafanyika kwenye runinga. Mwezi Aprili 1994 huko Manchester, mwanazuoni wa Marekani James Fishkin pamoja na kituo cha runinga cha Channel 4 waliwakusanya Waingereza takriban 300 waliochaguliwa kwa bahati nasibu kutoka nchi nzima, wakakaa pamoja mwisho wa wiki kuzungumzia uhalifu. Waliulizwa maoni yao kabla, wakapewa maelezo ya pande zote, wakajadiliana katika vikundi vidogo, wakawauliza wataalamu na wanasiasa maswali yao wenyewe, kisha wakaulizwa tena. Imani yao kwamba kujaza magereza ndiyo dawa ya uhalifu ilipungua. Tofauti na Westminster ni mbili. Watu hawakujichagua, na muda mwingi walizungumza wao badala ya kusikiliza mabingwa wanne. Mabadiliko yaliyotokea pale naweza kuyaita maoni ya umma uliofikiri, kwa tahadhari. Yale ya Westminster siwezi.

Najua wiki nzima ya maandalizi na sampuli ya taifa ni ghali, na kipindi cha kila mwezi hakiwezi kuibeba. Kwa hiyo kuna la nne, ambalo kituo chochote kinaweza kulifanya: kuwapigia kura watu walewale mara ya tatu, baada ya wiki tatu au nne, kwa ujumbe wa simu. Fry alizungumza mwisho, na maneno ya mwisho huwa na joto. Endapo wale waliohama wangeulizwa tena mwishoni mwa Novemba 2009, wakiwa wamelala na kuamka mara nyingi, wamebishana na wake na waume zao, wamekwenda au hawakwenda kanisani, idadi ya waliobaki walikohamia ndiyo ingekuwa namba ya kunukuu. Tena mwishoni mwa mwezi huo ripoti nyingine ya unyanyasaji ilitolewa, safari hii kuhusu jimbo kuu la Dublin, kwa hiyo kura ya tatu ingebidi isomwe kwa uangalifu wake. Badawi angetangaza matokeo hayo mwanzoni mwa mdahalo uliofuata, kabla ya mada mpya kusomwa, na watazamaji wangeanza kuzoea kuona kura ya usiku ule na kura ya baadaye zikiwekwa pamoja kwenye skrini moja.